Maktaba, venyu, kimbweta au geto: usomee wapi ukiwa Dodoma

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifika Dodoma huuliza maktaba iko wapi. Swali zuri, ila halitoshi. Angeuliza pia inafungwa saa ngapi, soketi ziko upande gani, na usiku anarudi hosteli na nani. Ukimya peke yake hauamui mahali pa kusomea hapa kwetu. Upepo una kauli, giza lina kauli, umbali na chaji ya simu navyo vina kauli. Anayechagua kwa kufuata sifa tu, kwamba "watu wa GPA kubwa wote wanakaa pale", anaweza kutembea kilomita mbili kwenda kusinzia.

Ninalinganisha sehemu ambazo wanafunzi wa Dodoma wanazitumia kweli: maktaba ya chuo, venyu (chumba cha lekcha) isiyo na kipindi, vimbweta (meza za zege za nje), chumbani kwako (hosteli au geto, yaani chumba cha kupanga mtaani), na mjini. Mfano wangu mkubwa ni UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa kuwa ndicho chuo kikubwa na ndicho ambacho umbali unauma kuliko vingine. Wa vyuo vingine vya hapa, St. John's, Mipango na CBE, watachukua yanayowafaa na kuacha mengine.

Umbali nautanguliza kwa sababu wageni huudharau. UDOM ilianza mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, kilomita kama nane mashariki mwa katikati ya mji. Eneo ni kubwa na ndaki zimetawanyika. Ukiwa ndaki ya Elimu, CIVE, ndaki ya kompyuta, ni kama wilaya nyingine. St. John's nacho kilianza mwaka huohuo wa 2007, lakini kwenye majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari Mazengo, na pale unaweza kuanza asubuhi maktaba, mchana ukahamia kivulini, jioni ukaingia darasani, bila kupanda chochote. Huku mlimani UDOM, kuhama sehemu ni safari. Kwa hiyo, kabla hujalinganisha uzuri wa sehemu, zichore kwanza zile unazoweza kuzifikia kwa mguu ndani ya dakika kumi kutoka unapolala. Nyingine zote ni za Jumamosi.

Halafu jiulize unakwenda kufanya nini. Watu wanasema "nakwenda kupiga msuli", yaani kusoma kwa bidii, kana kwamba msuli ni kazi moja. Kusoma sura mpya ya kitabu ni kazi ya peke yake. Kufanya maswali ya hesabu au uhasibu ni nyingine, diskasheni ni nyingine, kuandika asaimenti ni nyingine, na kurudia nondo usiku wa kuamkia tesiti ni nyingine kabisa. Hakuna kiti kinachozifaa zote, na ubishi mwingi wa "maktaba bora au kimbweta bora" huwa ni wa watu wanaosomea vitu tofauti.

Maktaba na venyu

Maktaba ndiyo sehemu pekee chuoni ambako kunyamaza ni sheria. Kwingine unabaki kuomba. Kwa kusoma kitu kipya, ile sura ambayo hata kichwa chake hujakielewa, sioni pa kuishinda. Sauti inayovuruga usomaji kuliko zote ni maneno ya watu. Mngurumo wa jenereta au upepo dirishani una nafuu. Akili ikisikia sentensi inayoielewa huifuata hata kama hutaki. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma vizuri kando ya barabara ya malori akashindwa kusoma jirani na wawili wanaonong'ona habari za bumu, hela ya mkopo, limeingia au halijaingia. Kwa sababu hiyohiyo, ukisoma na Bongo Fleva masikioni unaibiwa zaidi kuliko ukisikiliza muziki usio na maneno. Wapo watakaobisha. Wajaribu kusoma kurasa mbili za sheria ya mikataba huku wimbo unaoujua wote unapiga, kisha wafunge kitabu waeleze walichosoma.

Maktaba ina mambo mengine mawili ambayo wengi huyagundua wakiwa mwaka wa tatu. La kwanza ni majarida ya kitaaluma. Makala nyingi za kulipia hufunguka bure kwa taasisi zilizosajiliwa kwenye mpango wa Research4Life, na njia rahisi ya kuzifikia huwa ni mtandao wa chuo au nywila ambayo maktaba inayo. Mwanafunzi anayemaliza bando lake la wiki kutafuta makala ambayo ingefunguka kwenye kompyuta ya maktaba anajichosha bure. La pili ni mkutubi mwenyewe. Wanafunzi wanamwona kama mlinzi wa mabegi. Mwendee na mada ya utafiti wako, useme "naomba unisaidie, nimetafuta hiki na hiki, nimekwama", uone atakavyokufungulia milango.

Ubaya wa maktaba ni viti na soketi. Angalia meza za ukutani kwenye maktaba yoyote ya chuo wiki mbili kabla ya yuii, mitihani ya mwisho wa semesta. Kila kiti kilicho karibu na soketi kina mtu, na kisicho na mtu kina daftari lililofunguliwa, kalamu juu yake, na mwenyewe yuko kantini tangu saa nne. Soketi imechomekwa ekstensheni, ekstensheni imechomekwa nyingine, na mwisho wa mkia huo kuna simu tano na laptopu moja ambayo betri yake ilikufa zamani. Ukiugusa waya kwa mguu, laptopu inazima, na mwenye asaimenti anakuangalia mpaka unatamani kuhama chuo. Ukitaka kiti cha soketi kipindi hicho, uwe mlangoni kabla haujafunguliwa. Vinginevyo chaji kila kitu usiku, uje na kitabu na karatasi, ukae katikati ya ukumbi ambako hakuna anayekugombania. Na kwa kusoma sura mpya, kukaa mbali na soketi kuna faida yake: simu ikiisha chaji, imeisha.

Maktaba nyingi pia hazikubali begi ndani. Beba mfuko mwepesi wa kuonyesha kilichomo, usiache laptopu kwenye begi mlangoni.

Venyu ni mambo mengine. Chumba cha lekcha kisicho na kipindi jioni kina meza, taa na kitu ambacho maktaba haikupi: ubao. Kwa hesabu, fizikia, uhasibu, takwimu na programu za kompyuta, ubao ndio unaoamua. Mtu akiwa peke yake na daftari anaweza kuruka hatua ya tatu akajidanganya kwamba ameielewa. Akisimama ubaoni mbele ya wenzake watatu, hatua ya tatu inamkamata. Mtu wa nyuma anauliza, "Hiyo alama ya kutoa imetoka wapi?" Kimya. Anafuta kwa kiganja, mkono unakuwa mweupe kwa chaki, anaanza upya, na safari hii swali linakaa kichwani mpaka Julai. Chaki mje nazo wenyewe, au kalamu ya ubao ikiwa ubao ni mweupe, maana mliyoikuta pale huwa imekauka.

Wapo wanaopenda venyu kwa imani kwamba ukisomea kwenye chumba utakachofanyia mtihani, utakumbuka zaidi. Imani hiyo ina chanzo cha heshima. Mwaka 1975 watafiti wawili, Godden na Baddeley, waliwafundisha wapiga mbizi orodha za maneno, nyingine chini ya maji na nyingine nchi kavu, wakaona kwamba wanakumbuka zaidi wakiulizwa palepale walipojifunzia. Lakini jaribio lile liliporudiwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2021, tofauti ile haikuonekana. Mimi nisingechagua chumba kwa sababu hiyo. Jaribio linalonishawishi zaidi ni la Smith, Glenberg na Bjork la mwaka 1978: waliosoma orodha ileile katika vyumba viwili tofauti waliikumbuka kuliko waliosoma mara mbili chumba kimoja. Kama hilo lina uzito kwako, basi somo moja lisome maktaba leo, kesho lirudie kwenye venyu, na usiwe mtumwa wa kiti kimoja ambacho siku ukikikuta na mtu unarudi kulala.

Venyu inaharibiwa na watu. Kundi likiingia na mada ya Simba na Yanga, jioni imekwisha. Kuna pia kipindi cha fidia ambacho mhadhiri amekitangaza kwenye grupu la darasa lake saa moja kabla. Mtaombwa mpishe, na mtapisha. Jifunze ratiba ya venyu zilizo karibu nawe wiki ya pili au ya tatu ya semesta, vipindi vikishatulia. Vyumba vidogo vya semina vinafaa kuliko kumbi kubwa, kwa kuwa ukumbi wa watu mia tatu huvutia vikundi sita kwa wakati mmoja na kila kikundi kinapandisha sauti kushinda mwenzake.

Nikilazimishwa kuchagua: wa hisabati, uhandisi, uhasibu na kompyuta, venyu. Wa sheria, historia, sosholojia na lugha, maktaba. Wa udaktari na uuguzi wana mambo mengi sana ya kukariri, hao wanahitaji zote mbili kwa zamu, na muda wa kulala ambao siwezi kuwapatia.

Kimbweta kina saa zake

Meza ya zege na mabenchi yake chini ya mti, hapo ndipo elimu ya juu ya Tanzania inapojadiliwa. Sioni aibu kusema kwamba mambo mengi ya mwaka wa kwanza hueleweka kwenye kimbweta kuliko kwenye lekcha. Sababu inajulikana na kila mtu ingawa haisemwi sana: tunafundishwa kwa Kiingereza, tunaelewana kwa Kiswahili. Mhadhiri ametaja nadharia, slaidi zimepita, umeandika usichokielewa. Kwenye kimbweta mwenzako anasema, "Aisee, hii ni hivi, chukulia mama muuza mbogamboga wa Majengo, bei ya nyanya ikipanda…" na mlango unafunguka.

Hapohapo pana mtego. Ukishaelewa kwa Kiswahili unanyanyuka ukijiona umemaliza, na mtihani unakuja kwa Kiingereza. Kundi zuri la kimbweta linabakiza dakika ishirini za mwisho: kila mmoja, kimya, anaandika jibu la swali moja la pasti pepa kwa lugha ya mtihani, halafu mnabadilishana karatasi. Kundi lisilofanya hivyo linatoa wasemaji wazuri wanaopata sapu, mtihani wa marudio.

Kuhusu idadi, wanne wanatosha. Watano ikiwa mmoja ni mkimya. Wakifika wanane, wawili wanasoma, watatu wanasikiliza na waliobaki wamekuja kuonekana.

Ila kimbweta hakifai saa zote, na ndipo watu wanapokosea. Asubuhi, kuanzia kumi na mbili na nusu hadi kama saa nne, hakuna sehemu tamu zaidi Dodoma nzima: mwanga wa bure, hewa safi, kichwa kipo. Zege linakuwa baridi, hasa Juni na Julai, kwa hiyo weka kanga au sweta chini. Mchana jua linahamisha kivuli na wewe unahama nacho mpaka benchi linaisha. Alasiri ndio upepo. Mgeni kutoka Pwani huwa haamini kwamba upepo unaweza kuwa sababu ya kutosoma, mpaka handauti ya kurasa kumi na mbili inapopaa na kutua kwenye miba. Utawatambua wenyeji kwa mawe: kila daftari lina jiwe juu yake, na jiwe zuri bapa halitupwi, linawekwa chini ya meza kusubiri kesho. Laptopu kwenye vumbi la kiangazi ni kujitafutia gharama. Kama lazima, tumia kibodi ukiwa umeupa upepo mgongo na ifunike ukisimama.

Jioni mvua za kwanza zikishanyesha, kaa mbali na taa. Kumbikumbi watakuja kwa mamia, watadondosha mabawa kwenye daftari, na kuna mwenzenu atakayeacha diskasheni kwenda kutafuta ndoo ya maji awakusanye. Simlaumu.

Tena kuna suala la njia. Kimbweta kilicho kwenye njia ya kantini hakifai kwa kusoma peke yako, hata kiwe na mti mkubwa namna gani. Kila anayepita atakusalimia, na salamu kwetu hairudishwi kwa kutikisa kichwa. "Mambo?" "Poa." "Unasoma?" "Nasoma." "Vipi tesiti ya jana?" Hapo umeshapoteza aya. Akipita mhadhiri utasimama kidogo, "Shikamoo mwalimu." Huwezi kukataa, na hupaswi kukataa, huko ndiko kulelewa. Chagua tu kimbweta ambacho watu hawapiti. Mara nyingi kipo nyuma ya jengo, kimechakaa kidogo, hakina soketi wala taa. Hicho ndicho cha kusomea. Cha mbele ni cha kukutania.

Hosteli dhidi ya geto

Chumba cha hosteli sikipendekezi kwa kusoma kitu kipya, na sitazunguka. Mnaishi watu kadhaa, mmoja ana mgeni, mmoja analala mchana kwa kuwa alikesha, mmoja yuko kwenye simu na nyumbani. Meza ikiwepo imebeba vyombo. Kitanda kipo hatua moja kutoka kwenye daftari, na kitanda hakijawahi kushindwa. Chumba kinafaa kwa kazi fupi: kukariri fomula nusu saa kabla ya kulala, kupitia muhtasari ulioandika mwenyewe, au kuangalia video za masomo usiku wa manane kama unanunua bando la usiku. Mkiweza kukubaliana na wenzako saa za ukimya, tuseme saa mbili mpaka nne usiku, hilo ni jambo zuri, na mlikubaliane wiki ya kwanza wakati bado mnaoneana haya.

Geto la Ng'ong'ona au Makulu linaonekana suluhisho. Mlango wako, ufunguo wako, hakuna wa kukupangia. Ila linganisha vizuri. Tangu serikali ihamishie makao yake Dodoma, wanaotafuta vyumba mjini hapa si wanafunzi peke yao tena, na mwenye nyumba anajua. Ukishalipa kodi ya miezi kadhaa, ukanunua godoro na jiko, mara nyingi kinachokosekana ni meza na kiti. Watu wanapanga geto kwa ajili ya kusoma halafu wanasomea juu ya godoro. Kama utapanga, nunua meza kabla ya spika.

Halafu kuna LUKU. Mita moja, wapangaji sita, na kila mmoja anaamini wenzake ndio wanaotumia sana. Mmoja ana friji. Mwingine anapiga pasi kila asubuhi. Uniti zinaisha saa tatu usiku, siku moja kabla ya mtihani, na mnaanza kugongeana milango kuulizana nani zamu yake, huku mmoja amezima taa anajifanya amelala. Ukipanga nyumba ya namna hii, weka akiba yako mwenyewe ya shilingi elfu mbili tatu kwenye simu kwa usiku wa yuii, ununue, udai baadaye. Hasira ya kudai ni ndogo kuliko ya kufeli. Na taa ya kuchaji iwepo, kwa kuwa umeme wa mtaani ukikatika hakuna jenereta la kuwasha.

Hata hivyo geto linashinda hosteli kwa mtu wa aina moja: anayesoma alfajiri. Anayeweza kuamka saa kumi na kukaa mezani mpaka kumi na mbili, bila kumwamsha mtu na bila kuomba ruhusa ya kuwasha taa, atapata saa mbili ambazo hosteli haitampa kamwe. Kama wewe si mtu wa kuamka, usijidanganye kwamba kodi itakuamsha.

Mjini

Hapa nitapita haraka. Maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ni pazuri kwa wanafunzi wa vyuo vya mjini na kwa likizo, wakati maktaba ya chuo imepungua watu na hosteli zimefungwa. Kwa anayeishi mlimani, nauli ya daladala na muda wa kusubiri lijae vinakula faida yote, isipokuwa kama ulikuwa unakwenda mjini kwa jambo lingine. Mgahawa wenye waifai unafaa kwa kutuma maombi ya kazi au kupakua faili kubwa. Kwa kusoma unalipia soda ambayo baada ya saa moja mhudumu anaanza kuiangalia. Nyerere Square ni pa kupumzikia. Nenda ukapunge upepo baada ya mtihani, usiende na vitini.

Semesta ya kwanza na ya pili hazifanani

Wengi huchagua sehemu Novemba na kuing'ang'ania mwaka mzima. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote ni mikavu. Mitihani ya semesta ya kwanza kwa kawaida inaangukia ndani ya mvua. Vimbweta visivyo na paa vinakuwa bahati nasibu, njia za mkato zinakuwa tope, na kila mtu anakimbilia ndani kwa wakati mmoja. Kipindi hicho venyu ndogo ya jirani ina thamani kuliko maktaba ya mbali. Mitihani ya semesta ya pili huja karibu na Julai: baridi ya asubuhi na usiku, upepo mkali, vumbi. Hapo chumba chenye madirisha yanayofunga vizuri kinakushindia kivuli chochote. Kagua vioo. Darasa lenye kioo kimoja kilichovunjika upande wa mashariki ni zuri Machi na halikaliki Julai.

Kurudi usiku

Jua Dodoma linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na chuo cha mlimani kina vichaka kati ya jengo na jengo. Sehemu ya kusomea usiku isihesabiwe nzuri mpaka njia ya kurudi nayo imekaguliwa. Kwa dada zangu nasema wazi: venyu yenye ubao mpya na taa nyingi, lakini inayokutaka upite peke yako penye giza saa tano usiku, iko chini ya chumba cha hosteli chenye kelele. Pangeni kundi la watu wanaolala bloku moja, hata kama hamsomi kozi moja, muondoke pamoja na mfike pamoja. Wanaosoma kozi moja lakini wanalala pande tofauti wakutane mchana. Bodaboda wa kumwita usiku awe mmoja mnayemfahamu, namba yake iwe kwa wenzako wawili. Wakati wa mvua tochi ni lazima kwa wote, wanaume na wanawake, maana nyoka hawabagui.

Nani aende wapi

Wa mwaka wa kwanza asiyejua bado anasomaje, aanze na kimbweta cha asubuhi peke yake, na maktaba alasiri upepo ukianza. Aingie kundi la diskasheni baada ya tesiti ya kwanza, akishajua nani anasoma na nani anapiga picha vitini vya wenzake.

Wa mwaka wa mwisho mwenye ripoti ya utafiti akae maktaba, upande wa kompyuta, siku ambazo watu hawajajaa. Kuandika kurasa nyingi chumbani kunaonekana rahisi, mpaka umeme ukatike na faili ulikuwa hujalihifadhi. Jitumie nakala kwa barua pepe kila jioni kabla hujanyanyuka.

Mwenye sapu au keri (kozi aliyofeli na anayoirudia), ambaye wenzake wamekwenda likizo na yeye kabaki, ana faida asiyoiona: venyu zote ni zake. Achukue chumba chenye ubao, aandike mada zote za kozi upande wa kushoto, afute moja moja kila inapoeleweka.

Na wapo wanaosoma shahada ya pili huku wameajiriwa, wanaotoka kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, saa tisa na nusu au kumi wakiwa wamechoka, na nyumbani kuna watoto wanaomsubiri mama au baba. Hao nimewaona wakihangaika kuwahi maktaba ya chuo na kufika imebaki saa moja. Kwao ofisi yenyewe inaweza kushinda sehemu zote nilizozitaja, kama mkuu wa kitengo anaruhusu: meza ipo, umeme upo, mtandao upo, na wenzake wameshapanda basi. Waombe ruhusa hiyo kwa maneno ya heshima mwanzoni mwa semesta, wakae mpaka saa kumi na mbili siku tatu za wiki, siku nyingine waende nyumbani moja kwa moja, na Jumamosi asubuhi ndiyo iwe ya maktaba, kabla ya saa tano, wakati viti vya soketi bado vimo.